Hatari za Theluji Milimani

Majoreni ni nchi ya mikoko na minazi, na mtu aliyezaliwa huko aghalabu huona kwamba "theluji" ni neno la vitabuni tu. Lakini theluji haiko mbali naye kama anavyodhani. Mpaka wa Kenya na Tanzania, uliopatanwa kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka wa 1886, huanza pwani karibu na Vanga, jirani na Majoreni, ukakata nchi kavu kuelekea kaskazini-magharibi hata ukafika chini ya mlima Kilimanjaro. Kutoka ufuko wa Majoreni mpaka kilele cha Kibo ni kilomita 270 hivi kwa mstari ulionyooka, nao ni mwendo mdogo kuliko ule wa kutoka Mombasa mpaka Nairobi.

Vijana wa pwani hufika huko. Wengine huenda kwa safari za shule, wengine kwa kazi ya kupagaa mizigo au kupika, na wengine huvuka bahari kwenda kusoma Kanada, Uswisi au Norwei, ambako theluji hulala milangoni pa nyumba. Wote hao hukuta kitu ambacho wazee wao hawakuwafundisha kukisoma, ingawa waliwafundisha vizuri sana kuisoma bahari. Yafaa basi hali ya theluji ielezwe, na hasa namna inavyoua, kwa sababu walio wengi waliokufa ndani yake hawakuwa wazembe. Walikuwa watu waliopita mahali pabaya kwa saa mbaya bila kujua.

WALIOTUMWA KUTAFUTA FEDHA

Watu wa misafara ya biashara iliyotoka Mombasa, Vanga na Pangani kwenda Uchaga waliuona weupe wa Kibo zamani, kabla ya Mzungu yeyote kuuandika. Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliuona kwa macho yake, na kiongozi wake akamwambia kwamba kitu kile ni baridi tu. Jibu hilo lilikuwa na ukweli mwingi kuliko maneno ya mabingwa wa London. Huko Bwana William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakupata kuikanyaga Afrika, alishikilia kwa miaka kwamba haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima mwaka wa 1862, akanyeshewa na theluji yenyewe.

Iko habari nyingine ya siku zile, nayo ni ya huzuni. Ludwig Krapf, mwenziwe Rebmann, aliandika kwamba Mangi Rungua wa Machame alituma kundi la watu wapande juu wakatazame kile kitu cheupe, akitumaini kwamba huenda ni fedha. Alirudi mtu mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Wenzake walidhani kwamba wanapigwa na pepo wabaya, wakakimbia kwa hofu, na huko walikokimbilia wakafa. Watu wale hawakukosa ujasiri. Walikosa nguo na habari, na mlima hautofautishi kati ya mtu asiyejua na mtu asiyejali.

Sababu ya baridi hiyo ni rahisi. Hewa hupoa kiasi cha digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Siku ambayo Majoreni ina joto la digrii 30 mchana, hesabu hiyo humwonyesha mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 5,000 kwamba yuko chini kidogo ya kiwango cha maji kuganda, na huo ni mchana, usiku bado. Kilele cha Kibo kina mita 5,895. Batian, kilele kirefu cha mlima Kenya, kina mita 5,199. Na Margherita katika milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kina mita 5,109. Mvua inayolowesha mashamba chini huanguka huko juu kama theluji.

JINSI THELUJI INAVYOKAA

Theluji si mvua ya mawe. Huanguka polepole, nyepesi kama sufi inayopeperuka kutoka mti wa msufi, na mtu akiichukua mkononi huona vipande vidogo vyenye ncha nyingi vilivyoshikana. Ikianguka leo hulala chini. Ikianguka tena kesho hulala juu ya ile ya leo. Katika nchi za baridi kali, ambako majira ya baridi huchukua miezi minne au mitano, theluji hupangika hivyo tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyowekwa mmoja juu ya mwingine. Akija mtu akichimba shimo na kuukwangua ukuta wake kwa kisu, huyaona matabaka hayo waziwazi: hili gumu, hili laini, hili kama chumvi ya mawe.

Shida yote huanzia kwenye tabaka dhaifu. Usiku usio na mawingu, unyevu wa hewa hutua juu ya theluji kama vile umande unavyotua juu ya majani, ila huko huganda ukawa kama manyoya membamba ya kioo yaliyosimama wima. Asubuhi yanapendeza sana kwa macho. Theluji nyingine ikianguka juu yake, manyoya yale hufunikwa wala hayafi. Hubaki chini yamesimama kwa siku nyingi, yamebeba mzigo ambao hayana nguvu ya kuubeba.

Kisha huja upepo. Upepo huichota theluji upande unaopigwa, ukaivusha mgongo wa mlima na kuimwaga upande wa demani, kama mabaharia wanavyouita upande usiopigwa na upepo. Theluji iliyomwagwa hivyo hugandamana ikawa bamba zito lililo zima. Mtu akiitazama huiona tambarare na nyororo, pahali pazuri kuliko pote pa kupita, na miguu yake haizami sana. Hapo ndipo pabaya.

Mtu anayetaka kuelewa jambo hili na afanye jaribio dogo uani kwake. Atwae ubao mpana, atandaze juu yake mahindi makavu yaliyopukuswa, kisha alaze mkeka mzito juu ya mahindi. Ubao ukiwa sawasawa, mkeka hautikisiki. Ainue upande mmoja wa ubao kidogo kidogo. Kwa muda mkeka utakaa, kisha kwa ghafula utateleza wote kwa pamoja, tena kwa urahisi zaidi mtu akiugusa kwa kidole. Mkeka ndio bamba la theluji iliyoletwa na upepo, mahindi ndiyo tabaka dhaifu, na kidole ni mguu wa msafiri.

Mteremko unaoporomosha theluji namna hii mara nyingi ni wa digrii 30 mpaka 45, yaani kama mwinamo wa paa la makuti au pungufu kidogo. Mteremko ulio chini ya hapo kwa kawaida huishikilia theluji. Ulio mkali mno huikung'uta kila inapoanguka, basi haipati kurundikana. Jambo baya ni kwamba mwinamo ule wa katikati ndio unaowapendeza wasafiri wa milimani, hasa wale wanaoteleza kwa mbao miguuni. Uchunguzi uliofanywa katika nchi za theluji umeonyesha kwamba katika maporomoko tisa kati ya kumi yaliyoua watu, aliyeyaanzisha ni yule aliyekufa au mmoja wa wenzake. Si kwamba mlima ulimwangukia mtu aliyesimama kando. Uzito wake mwenyewe ndio uliovunja lile tabaka.

Poromoko likianza, theluji huenda kwa mwendo wa gari liendalo kasi barabarani, hata kilomita 100 kwa saa na zaidi. Likisimama, theluji iliyokuwa laini hushika kama saruji, na mtu aliyefukiwa hawezi kuinua hata mkono. Hafi kwa baridi. Hufa kwa kukosa pumzi. Wanaofukuliwa katika dakika 10 za kwanza walio wengi huwa hai. Zikipita dakika 35 walio wengi wamekwisha kufa. Kutoka mlimani mpaka kijijini na kurudi ni mwendo wa saa nyingi, kwa hiyo msaada wa kijijini hauwezi kufika kwa wakati, na waokoaji wa mtu ni wale aliofuatana nao tu.

Ndiyo sababu wasafiri wa nchi hizo huchukua vitu vitatu, kila mtu vyake: chombo kidogo cha redio kinachofungwa kifuani, ambacho hutoa mlio unaosikika katika chombo cha mwenzake, fimbo ndefu nyembamba inayokunjwa, ya kuchomea theluji ili kumpata mtu alipo, na beleshi jepesi. Ukikosekana mlio, hapatakuwa na mahali pa kuchoma fimbo. Likikosekana beleshi, haifai kitu kujua mtu alipo. Tena hupita mahali pa hatari mmoja mmoja, wengine wakimtazama, ili akifukiwa wajue ni wapi alipoonekana mara ya mwisho.

Serikali za nchi hizo hutoa taarifa za hatari ya theluji kila siku katika majira ya baridi, kwa daraja tano, kuanzia 1 ambayo ni hatari ndogo mpaka 5 ambayo ni hatari kubwa mno. Mgeni asidhani kwamba daraja ya 3 ni ya wastani kwa kuwa iko katikati. Watu wengi hufa katika daraja hiyo hiyo, kwa sababu ile ya 5 huwatisha wakakaa majumbani. Mbali na taarifa, mlima wenyewe hutoa ishara. Theluji nyingi iliyoanguka katika siku moja au mbili zilizopita, upepo uliovuma kwa nguvu, jua lililowaka ghafula baada ya baridi, alama za maporomoko mapya katika miteremko ya jirani: kila moja ya hizo yatosha kumrudisha msafiri. Ishara iliyo mbaya kuliko zote husikika chini ya miguu. Ni mvumo mzito kama wa ngoma iliyofunikwa nguo, na pengine ufa hukimbia juu ya theluji mbele ya mtu. Huo ni mlio wa tabaka dhaifu linalovunjika. Aliyeusikia na arudi kwa nyayo zake mwenyewe.

HALI ILIVYO KARIBU NA IKWETA

Je, mambo hayo yako Kilimanjaro na mlima Kenya? Yako kwa uchache, na sababu yake ni jua. Karibu na ikweta hakuna majira marefu ya baridi. Watu wa milimani husema kwamba huko kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni baridi, na usemi huo ni wa kweli. Theluji inayoanguka usiku mara nyingi huyeyuka mchana wa pili, na ile inayobaki huyeyuka na kuganda tena hata ikawa ngumu. Kwa hiyo matabaka hayapati miezi ya kurundikana. Maporomoko yanayoonekana huwa madogo, katika makorongo yenye mteremko mkali, baada ya theluji nyingi kuanguka majira ya mvua. Lakini hata dogo hutosha kumwangusha mtu aliyesimama juu ya jabali.

Maporomoko makubwa ya Afrika Mashariki ni ya udongo, na kanuni yake ni ndugu ya ile ya theluji: mzigo, mteremko, na tabaka lililolegea, ila hapa kinacholegeza ni maji ya mvua. Mwezi wa Machi 2010 kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, chini ya mlima Elgon, kilifukiwa. Mwezi wa Novemba 2019 watu zaidi ya 40 walikufa Pokoti Magharibi kwa maporomoko yaliyokuja usiku. Tarehe 3 Desemba, 2023, matope na mawe yalishuka kutoka mlima Hanang, Tanzania, yakaingia katika mji wa Katesh na vijiji vyake, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nyufa mpya katika ardhi ya mteremko na miti iliyoanza kuinama wakati wa mvua kubwa zina maana ile ile ya ufa unaokimbia juu ya theluji.

Kwa msafiri wa vilele vya juu, hatari iliyo kubwa zaidi kuliko theluji yenyewe ni mawe. Barafu ya kale imeyashika mawe ya Kibo na Batian kama chokaa inavyoshika mawe ya ukuta. Siku hizi chokaa hiyo inakwisha. Kati ya mwaka wa 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza sehemu 85 kwa mia za eneo la barafu yake. Katika mlima Kenya, mto wa barafu uitwao Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko yote ya mlima huo, ulipoteza kiasi cha sehemu tisa kwa kumi za ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Korongo la barafu liitwalo Diamond Couloir, alilolipanda mara ya kwanza Mkenya Thumbi Mathenge pamoja na Phil Snyder mwaka wa 1973, sasa kwa sehemu kubwa ya mwaka limebaki jabali na mawe yaliyolegea. Watu husikitika kwa kuwa uzuri wa milima unapotea, na wana haki ya kusikitika; lakini kwa mpagazi jambo lililo karibu naye zaidi ni kwamba ukuta unabomoka juu ya kichwa chake.

Mfano wake ulionekana tarehe 4 Januari, 2006, katika njia ya magharibi ya Kibo ipitayo karibu na barafu iitwayo Arrow. Mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yalitoka juu yakawashukia wasafiri. Wamarekani watatu walikufa, na wapagazi Watanzania walikuwa miongoni mwa walioumia. Njia ile ikafungwa, ikafunguliwa tena baadaye kwa masharti, na mpaka leo viongozi wengi huikwepa. Katika mlima Kenya, mwezi wa Septemba 1970, jiwe lililong'oka karibu na kilele cha Batian lilimwangusha daktari Gert Judmaier kutoka Austria, akavunjika mguu vibaya. Ilichukua siku tisa kumteremsha, na katika kazi hiyo rubani wa helikopta, Jim Hastings, aliuawa. Daktari alipona.

JUA, PEPO NA SAA

Hapa ndipo elimu ya mvuvi wa Majoreni inapoweza kumfaa mtu wa mlimani. Mvuvi anajua miezi ya kusi na miezi ya kaskazi, na anajua kwamba pepo hizo hufuata mwendo wa jua. Mlima Kenya, uliosimama juu ya ikweta yenyewe, hufuata kalenda hiyo hiyo. Katikati ya mwaka, kusi ivumapo pwani, jua liko kaskazini. Basi kuta za mlima za upande wa kaskazini hupata joto, theluji ikaondoka na jabali likakauka, hali kuta za kusini zimo kivulini, zimejaa barafu. Mwezi wa Januari na wa Februari, wakati wa kaskazi, mambo hugeuka: kusini hukauka, na kaskazini hushika barafu. Mzee wa pwani ambaye hajapata kuigusa theluji aweza, kwa kutazama tu upepo unaovuma katika matanga, kumwambia mpandaji ni upande gani wa Batian ulio na barafu mwezi huo.

Ziko pia saa za siku. Dau litokalo katika mkono wa bahari penye mikoko hutoka na maji yanayopwa na kurudi na maji yanayojaa. Nahodha akichelewa, hukwama matopeni. Mlima nao una kupwa na kujaa kwake. Usiku baridi hufunga kila kitu: theluji huwa ngumu ikabeba mguu, na mawe hushikwa mahali pake. Jua likipanda, theluji hulegea, maji huingia katika nyufa, na mawe huanza kutoka moja moja, kisha kwa wingi. Kuanzia saa nne za asubuhi mawingu hupanda kutoka misituni, na saa sita mtu huenda asione hatua kumi mbele yake. Ndiyo maana viongozi wa Kilimanjaro huwaamsha wasafiri usiku wa manane ili wafike juu alfajiri na wawe wamekwisha kushuka kabla ya jua kali. Wageni wengi hunung'unika kwamba wanasumbuliwa usingizi bure. Hawasumbuliwi bure.

Katika milima ya Ruwenzori iko hatari nyingine isiyoonekana. Mto wa barafu husogea polepole, na unaposogea hupasuka. Theluji mpya huziba midomo ya nyufa hizo kama makuti yaliyofunika shimo la mtego, na mtu akikanyaga huzama. Kwa hiyo katika barafu ya Margherita wasafiri hufungana kwa kamba, wakaenda kwa nafasi, wamevaa chini ya viatu vyuma vyenye meno, ili mmoja akianguka wenzake wamzuie. Kamba iliyolegea na kuburuta chini haizuii mtu.

HEWA NYEMBAMBA NA BARIDI

Wanaokufa katika milima ya Afrika Mashariki hawafi wote kwa kuangukiwa. Wengine huuawa na haraka. Juu ya Kibo hewa ina nusu tu ya nguvu iliyo nayo ufukoni, na mtu aliyezaliwa usawa wa bahari anahitaji siku kadhaa ili damu na mapafu yake yazoee. Mtu atokaye Majoreni leo, akalala Nanyuki au Moshi usiku mmoja, kisha akakimbilia kileleni kwa siku mbili, anajitafutia maradhi. Ukipita mita 3,000, kanuni iliyo njema ni kutolala juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kupumzika siku nzima kila baada ya siku tatu au nne.

Maradhi hayo huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Hapo mtu na akae alipo, asipande. Lakini akianza kuyumba kama mlevi, au kusema maneno yasiyofuatana, au kukohoa na kusikika mlio wa maji kifuani hali amekaa kitako, basi ubongo au mapafu yameanza kujaa maji. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana. Kushuka mita 500 au 1,000 kumewaokoa wengi. Haifai kumwacha mgonjwa peke yake hemani mpaka wenzake warudi kutoka juu. Wengi walioachwa hivyo walikutwa maiti.

Kuhusu nguo, kosa la kawaida ni kuvaa koti moja zito juu ya shati la pamba. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kumnyang'anya mtu joto lake. Afadhali nguo nyembamba kadha wa kadha, za sufu au za nyuzi zisizoshika maji, na juu yake koti lisilopenya upepo wala mvua. Kofia ya kufunika masikio, glavu, na soksi kavu za akiba. Miwani meusi pia si ya urembo. Wavuvi wanajua jinsi jua linavyoumiza macho likirudishwa na bahari. Theluji mpya huurudisha mwangaza huo kwa nguvu zaidi, na mtu asiye na miwani huweza kupofuka kwa siku moja au mbili, macho yakimwasha kama yametiwa mchanga.

Neno moja liwahusu wapagazi, kwa maana wao ndio watu wa Afrika Mashariki wanaopita mahali pa hatari mara nyingi kuliko wote. Mgeni hupita chini ya ukuta wa mawe mara moja katika maisha yake. Mpagazi hupita mara ishirini kwa mwaka. Tarehe 18 Aprili, 2014, barafu ilipoanguka katika njia ya mlima Everest huko Nepali, wote 16 waliokufa walikuwa wenyeji waliokuwa wakifanya kazi katika safari za wageni. Katika Kilimanjaro imewekwa kanuni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Kanuni hiyo ni njema, lakini mpagazi mwenye mzigo halali na viatu vya mpira bila soksi bado yumo hatarini, na kijana aajiriwaye kwa kazi hiyo na atazame kwanza viatu, blanketi na mahali pa kulala atakavyopewa, kabla ya kuuliza mshahara.

Wako Wakenya waliofika mbali katika kazi hii. James Kagambi, mwalimu wa wapanda milima, alifika kilele cha Everest mwezi wa Mei 2022, akiwa Mkenya wa kwanza kufika huko, baada ya kuingoja siku njema ya hali ya hewa. Cheruiyot Kirui, mtu mwenye nguvu na mazoezi mengi, alifariki karibu na kilele hicho mwezi wa Mei 2024 alipojaribu kupanda bila hewa ya chupa, pamoja na kiongozi wake Nawang Sherpa. Nguvu za mwili hazikupungua kwake. Juu kule mipaka ya mwanadamu ni membamba mno.

Viongozi wenye uzoefu huweka saa ya kurudi kabla ya kuondoka kambini, na saa hiyo ikifika hugeuka, hata kama kilele kimebaki mwendo wa nusu saa. Katika mlima Kenya, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1949, msafiri huandikisha jina lake langoni anapoingia, hueleza njia atakayoipita na siku atakayotoka, kisha hujiandikisha tena atokapo. Wako wanaopita lango la pili kwa furaha ya kumaliza safari, wakapanda gari bila kutia sahihi. Daftari halijui kwamba wamekwisha kufika Nanyuki wanakunywa chai, na watu wengine huenda wakatumwa kupanda katika ukungu kwenda kuwatafuta.